Ulinganisho: mtoto mwenye mifupa ya kuvunjika ovyo (osteojenesisi impafekta) – MOI, KCMC, Kijabe au India?

Kaskazini_Moja
Wakuu, swali hili linarudi kila mara, tuliweke mahali pamoja. Mtoto ana miaka 4, kilo 12. Mapaja yote mawili yamepinda, anavunjika kwa kuteleza tu, weupe wa macho una ubuluu. Familia inaishi Arusha, kipato ni cha genge la mboga. Njia zinazotajwa ni MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) Dar, hospitali ya rufaa ya KCMC Moshi, hospitali ya CURE Kijabe kule Kenya, au kuchangisha kwenda India. Naomba tulinganishe gharama na matokeo, tusiishie kutajiana majina ya hospitali.

Picha_na_Karatasi
Mkuu, kabla ya kuchagua hospitali hakikisheni ugonjwa ni huo. Miguu ikipinda, wengi husema matege na mtoto anaondoka na dawa ya kalsiamu. Kwenye eksirei, matege ya upungufu wa vitamini D yanaonyesha ncha za mifupa, pale inapokulia, zimepanuka na kuchakaa. Kwenye osteojenesisi impafekta ncha hizo kwa kawaida ziko sawa. Mfupa ndio mwembamba, umefifia, na una alama za mivunjiko ya zamani.

Damu: kalsiamu, fosfeti, alkalini fosfatezi (kimeng'enya cha mifupa na ini), vitamini D na kreatinini (kipimo cha figo). Alkalini fosfatezi ikiwa juu sana, rudini kwenye matege. Ikiwa chini kuliko kawaida ya umri wake, ni ugonjwa mwingine kabisa, na dripu za kuimarisha mifupa zinazotumika kwa osteojenesisi impafekta zinaweza kumdhuru.

Halafu mko Arusha: meno ya kahawia huko mara nyingi ni floraidi ya maji ya kuzunguka Meru, msiyahesabu kama dalili. Meno ya ugonjwa huu huwa ya kijivu au rangi ya kaharabu, yanapitisha mwanga na kumeguka.

Vipimo hivi havihitaji kusafiri mbali. Kipimo cha vinasaba kinaweza kusubiri. Kwa watoto wengi hakibadilishi matibabu, na kikihitajika ni sampuli inayosafirishwa, si mtoto.

Dirisha_la_Dawa
Gharama kubwa watu wanadhani ni upasuaji. Ukipiga hesabu ya miaka, ni dripu, maana mtoto huendelea nazo kwa miaka mingi anapokua. Kuna mbili.

Pamidroneti: mtoto wa zaidi ya miaka 3 hupewa miligramu 1 kwa kilo kwa siku, siku 3 mfululizo, kila baada ya miezi 4. Huyu wa kilo 12 ni miligramu 12 kwa siku, 36 kwa mzunguko. Kila dripu huchukua saa 3 hadi 4. Kwa mwaka ni siku 9 za hospitali, na mama hauzi mboga siku hizo zote.

Zoledroneti: miligramu 0.05 kwa kilo kila baada ya miezi 6, dripu isiyopungua nusu saa. Siku 2 kwa mwaka. Kwake ni miligramu 0.6, na dozi ya kwanza hupunguzwa nusu. Chupa ya kawaida ni miligramu 4 ndani ya mililita 5, kwa hiyo anahitaji mililita 0.75 tu, nyingine zote zinamwagwa. Hapo ndipo pa kuokoa pesa: kliniki ikipanga watoto watatu au wanne siku moja, chupa moja inawatosha, mradi ichanganywe kwa usafi wa hali ya juu na itumike ndani ya saa 24 ikiwa kwenye friji.

Msiitafute kwenye rafu ya dawa za mifupa. Ulizeni maduka yanayohudumia wagonjwa wa saratani, ndiko inakozunguka. Na angalieni lebo: ipo pia chupa ya miligramu 5 kwenye mililita 100, ya wazee. Ujazo tofauti, hesabu tofauti.

Sista_wa_Wodi
Naongezea yanayoharibika kwenye dripu, maana dozi peke yake haitoshi.

Vitamini D ikiwa chini na dripu ikatangulia, kalsiamu ya damu inashuka: ganzi mdomoni, vidole kukakamaa, hata degedege. Irekebisheni kwanza. Dawa ya dripu ichanganywe na salaini ya kawaida, kamwe si Ringer, kwa sababu ina kalsiamu.

Baada ya dozi ya kwanza watoto wengi hupata homa na maumivu ndani ya siku moja au mbili. Huku kwetu homa hiyo moja kwa moja inaitwa malaria. Pimeni, ndiyo, lakini kipimo kikiwa hasi kwa kawaida ni dawa yenyewe. Parasetamoli na maji vinatosha. Dozi zinazofuata kwa kawaida haziji na hali hiyo.

Kutafuta mshipa: mpira wa kufungia mkono usikazwe kwa nguvu, mkono ubebwe kwa kiganja kutoka chini, urefu wake wote. Mkono unaweza kuvunjika hapo hapo kitandani. Na mtoto asiinuliwe kwa makwapa.

Fundi_Bresi
Upasuaji sasa. Mfupa uliopinda hukatwa vipande, vikanyooshwa na kupitishiwa chuma katikati kama mishkaki. Sofield na Millar waliieleza njia hii mwaka 1959, na kanuni ni ile ile hadi leo. Tofauti ni chuma.

Chuma cha Fassier-Duval ni vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine, kila kimoja kimeshika ncha yake ya mfupa. Mtoto akikua, chuma kinarefuka naye. Ni ghali, kinataka daktari aliyekizoea na eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Nacho hukwama au kuhama.

Chuma cha Rush ni kimoja kisichorefuka, cha bei nafuu. Tatizo ni kwamba mfupa unakipita urefu, na pale kinapoishia unapinda au kuvunjika tena. Njia ya katikati ni kuingiza viwili kutoka ncha zilizo mkabala, vikapishana ndani kadiri mtoto anavyokua. Muulizeni daktari waziwazi kama anaifanya.

Sahani za chuma na skrubu zikataeni kama suluhisho la kudumu. Mfupa unavunjika pale sahani inapoishia.

Akivunjika, hogo (plasta ngumu) lisikae kupita muda wa lazima. Mfupa usiobeba uzito unazidi kudhoofika. Avae bresi nyepesi (kifaa cha kushikilia mguu) mapema. Kwa hilo KCMC ina faida ya kukaa jirani na TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na bresi kilichopo Moshi tangu 1981.

Kaskazini_Moja
Ahsanteni sana. Kwa hiyo Kijabe au MOI kwa mapaja?

Picha_na_Karatasi
Mtazamo wangu: dripu na ufuatiliaji KCMC, mapaja Kijabe au MOI, atakayekubali kwanza kwa masharti mnayoyamudu.

CURE Kijabe ni hospitali ya mifupa ya watoto tangu 1998, na ufadhili ni sehemu ya kazi yao. Kutoka Arusha kupitia Namanga ni karibu kuliko Dar. Watumieni picha kwanza, na ulizeni ufadhili unamhusu vipi mtoto asiye Mkenya. Uhamiaji mnaweza kuomba hati ya dharura ya kusafiria.

MOI mna faida ya msamaha: sera inawasamehe walio chini ya miaka 5 kwenye hospitali za serikali, na huyu ana 4, kwa hiyo msikawie. Lakini vyuma mara nyingi ni hesabu ya pembeni. Ombeni makadirio ya maandishi yanayotenganisha kitanda, dawa ya usingizi na chuma.

Mtaa_wa_Pili
Mbona India mnairuka? Vyuma vya kurefuka vipo na madaktari wamevizoea.

Dirisha_la_Dawa
Hatuiruki mkuu. Tiketi mbili na kodi ya wiki kadhaa zinalipia dripu za miaka mingi hapa. Akirudi bila mpango wa dripu, mifupa mingine inaendelea kuvunjika, na chuma kikihama nani atakigusa? Ningeifikiria kama uti wa mgongo unapinda kiasi cha kubana pumzi, au fuvu linakandamiza shina la ubongo na huku kote mmeambiwa haiwezekani. Mapaja pekee, hapana.

Sista_wa_Wodi
Popote muendako, mwambieni daktari tarehe ya dripu ya mwisho. Baada ya kukata mfupa wengi husubiri kama miezi 4 kabla ya dozi nyingine, mfupa usije ukachelewa kuunga.

Faili liwe na picha za eksirei zenyewe (ripoti peke yake haitoshi), majibu ya damu, uzito wa karibuni, na orodha ya mivunjiko kwa tarehe na mfupa. Barua ya mtendaji wa kata ipelekeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kulazwa. Mkishapewa bili, kusamehewa ni mlima.