Lenana, Meru au Uhuru: tuanze na kilele kipi?

Nyayo Ndefu
Wakuu, hamjambo. Mimi na mdogo wangu tumeahidiana miaka mitatu sasa kupanda mlima pamoja, na safari hii hatuahirishi. Tumechuja tukabaki na vilele vitatu: Lenana pale Mlima Kenya, Meru kule Arusha, na Uhuru wa Kilimanjaro. Kila niliyemuuliza anasifu alikopanda yeye, nami nimebaki njia panda. Kampuni inataka malipo ya kwanza kabla ya Ijumaa. Mngekuwa nyinyi mngeanza na kipi?

Kamba Mbili
Karibu ndugu, ila swali lako halijibiki lilivyo. Mna siku ngapi? Mwezi gani? Mmewahi kulala juu ya mita 3,000, hata usiku mmoja? Mnaanzia safari wapi? Mnapenda hema au vibanda? Na uraia pia, maana ada za hifadhi kwa Waafrika Mashariki hazifanani kabisa na za wageni, hesabu yote inageuka. Jibu hayo kwanza. Hela usitume.

Mwana Momella
Mimi sisubiri majibu. Nendeni Meru.

Nimepanda Meru mara nne na Kilimanjaro mara mbili, na nikipewa nafasi moja leo narudi Meru. Unaanzia geti la Momella, mita 1,500 hivi, askari wa hifadhi akiwa na bunduki begani kwa sababu nyati wapo, tena wengi. Saa ya kwanza twiga wanakutazama. Kisha unaingia msituni, mbega juu, kuvumwani (lichen) zinaning'inia kwenye matawi kama ndevu. Usiku wa kwanza Miriakamba, wa pili Saddle, na jioni hiyo hiyo ya pili unapanda Little Meru, 3,820, halafu unarudi chini kulala. Mwili unazoea taratibu. Usiku wa kilele ndio wenyewe. Ukishavuka Rhino Point unatembea kwenye ukingo wa kreta, shimo upande mmoja, mteremko mtupu upande wa pili, na alfajiri unaiona ile koni ya majivu iko chini yako huku jua likitokea upande wa Kilimanjaro. Aliyeko juu ya Kibo, koni kuu ya Kilimanjaro, haioni Kibo.

Shuka la Baridi
Mwana Momella umesema kweli juu ya mandhari, lakini huo ukingo si wa kila mtu. Mwenye kizunguzungu cha kimo atateseka pale. Kwa mara ya kwanza mimi nasema Lenana, 4,985, mpande kwa njia ya Sirimon na kushuka kwa njia ya Chogoria. Sirimon ni kavu na mteremko wake ni mpole, mnalala kambi ya Old Moses 3,300, kisha ya Shipton's 4,200. Upande wa Chogoria mtaona bonde la Gorges na Ziwa Michaelson likiwa kule chini kabisa, limezungukwa na kuta za mawe. Mimi niliketi juu ya ule ukuta nikasahau hata kula. Na pimbi wa Shipton's wanakuja hadi miguuni. Msiwape chakula tafadhali, wameshaharibika.

Nyayo Ndefu
Ahsanteni. Samahani kwa kutoeleza vizuri. Tuna siku tano, pamoja na za kusafiri. Mimi nipo Nairobi, mdogo wangu yupo Dodoma. Tumepanda Longonot mara mbili bila shida. Ni wiki ya Pasaka kwa sababu ndipo wote tuna likizo. Kulala popote sawa.

Kamba Mbili
Siku tano pamoja na safari, basi Uhuru umejiondoa wenyewe. Njia ya Marangu kwa haraka kabisa ni siku tano za mlimani, mnalala vibanda vya Mandara 2,720, Horombo 3,720, na Kibo 4,720. Kila siku unapanda elfu nzima, kisha usiku wa mwisho unapanda nyingine elfu moja na ushee hadi 5,895. Wanaoshindwa wengi hawashindwi kwa miguu. Ongeza usiku mmoja Horombo ndipo mazungumzo yaanze, na hizo tayari ni siku sita.

Longonot ni 2,776. Ni mazoezi mazuri ya magoti, lakini haikuambii chochote kuhusu kichwa chako kitakavyokuwa 4,500.

Na Pasaka ni masika, ndugu.

Bendera Juu
Hapo napinga kidogo. Uhuru haujiondoi, zinazojiondoa ni siku. Wakiuacha mwaka huu watasema tena mwaka ujao. Ni kilele cha juu kuliko vyote barani. Usiku wa Desemba 9, 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge pale juu. Nilipofika kwenye lile bango nililia, na mimi si mtu wa kulia. Hakuna Lenana itakayokupa hilo. Ombeni siku tatu zaidi kazini.

Mama Tausi
Naomba nieleze yaliyonipata, kwa kuwa naona watu wanataja Lenana kama matembezi ya Jumapili.

Tulikuwa wanne, wanawake watupu, tuliosoma pamoja. Tulichukua kampuni moja iliyotupa bei nzuri, siku tatu, njia ya Naro Moru. Siku ya kwanza tukalala Met Station, 3,050. Siku ya pili tukapita kile kinamasi cha mteremko, buti zinanyonywa na tope kila hatua, tukafika Mackinder's, 4,200. Yaani tulipanda zaidi ya mita elfu moja kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Siku hizi najua kwamba ukishapita 3,000 inashauriwa usiongeze zaidi ya kama mita 500 kati ya usiku na usiku. Wakati ule hakuna aliyetuambia, wala sisi hatukuuliza.

Jioni ile rafiki yangu hakula. Alisema kichwa kinagonga. Kiongozi akasema ni kawaida, anywe chai. Saa nane usiku tukaamshwa, saa tisa tukaanza kupanda. Karibu na Austrian Hut, 4,790, nilimwona amesimama anahangaika na glavu. Nikamsogelea na tochi. Alikuwa anajaribu kuingiza kidole kidogo kwenye nafasi ya dole gumba, tena na tena, huku anatabasamu. Nikamwita jina, akanijibu kama mlevi. Alipogeuka akayumba, nikamshika.

Kiongozi wetu akatazama juu akasema, "Imebaki nusu saa tu, tutamshika mkono." Nakiri kwamba nilisita. Tulikuwa tumelipa, tumetoka mbali, kilele tunakiona. Aliyetuokoa ni kiongozi wa kundi jingine aliyekuwa anapita. Alimwambia atembee mstari mmoja, kisigino mbele ya kidole, akashindwa hatua ya pili. Yule mzee hakubishana na mtu. Alisema huyu anashuka sasa hivi, na akawatuma wapagazi wake wawili wamshike. Hatukusimama Mackinder's isipokuwa kuchukua mizigo. Tulipofika Met Station mchana aliuliza mbona tumerudi mapema, na kuna chakula gani. Wala hakumbuki glavu.

Kwa hiyo Nyayo Ndefu, kabla ya kuuliza kilele kipi, uliza kampuni hiyo ratiba yao ina usiku ngapi juu ya 3,000, na nani ana mamlaka ya kusema tunashuka.

Shuka la Baridi
Pole sana Mama Tausi. Hilo la kisigino na kidole kila mtu alijue. Kichwa kuuma ni onyo. Kuyumba na kuchanganyikiwa maana yake ubongo unavimba, na tiba ya kwanza ni kushuka, hata kama ni usiku na hata kama kilele kiko mita hamsini.

Ila nitetee mlima wangu. Kosa lilikuwa kwenye ratiba. Kwa Sirimon ukiongeza usiku mmoja Old Moses au Liki North, Lenana inapandika vizuri.

Jabali
Na tuitaje ilivyo, Lenana si kilele cha Mlima Kenya. Kilele ni Batian, 5,199, na Nelion 5,188. Hizo unapanda kwa kamba. Aliyefika Lenana hajafika juu ya Mlima Kenya.

Shuka la Baridi
Jabali, hakuna aliyesema kafika Batian. Mtu asiyepanda mawe kwa kamba afanye nini, akae nyumbani?

Jabali
Sikusema akae nyumbani. Nasema vyeti na picha za mitandaoni zinadanganya watoto. Majina yenyewe yamepangwa. Mackinder, mpanda mlima Mwingereza, mwaka 1899 alivipa vilele majina ya malaiboni, viongozi wa kiroho wa Kimaasai, Mbatian mkubwa, Nelion ndugu yake, Lenana mwanawe. Mtoto si baba.

Mzee wa Nanyuki
Vijana, Wakikuyu waliuita Kirinyaga kabla ya Mackinder kuzaliwa, tusisahau. Mimi ninachosikitikia ni barafu. Nilipopanda mara ya kwanza mwaka 1987 barafu ya Lewis ilikuwa pana, tunaipita kando huku inang'aa mpaka macho yanauma. Nilipelekwa tena na wajukuu miaka miwili iliyopita. Mwamba mtupu, kijivu, na kipande kilichobaki kimechafuka vumbi. Mjukuu akaniuliza barafu yenyewe iko wapi, nami nilikuwa nimesimama pale pale ilipokuwa. Anayeweza kwenda, aende mapema.

Gamabuti
Mbona hakuna anayetaja Rwenzori kule Uganda? Kilele chake Margherita, 5,109, barafu bado ipo, na hakuna msongamano. Tope hadi magotini, unapanda na gamabuti siku nzima, na mimea mirefu ya lobelia imesimama kwenye ukungu kama watu. Ni siku saba au nane lakini hutasahau.

Kamba Mbili
Gamabuti, ana siku tano pamoja na basi la kutoka Dodoma.

Nyayo Ndefu
Mama Tausi, nimesoma mara mbili na nimemtumia mdogo wangu. Pole, na shukrani sana. Nimewapigia kampuni. Ratiba yao ni siku tatu za Naro Moru, hiyo hiyo. Nimewauliza nani anaamua kushuka, wakasema "mteja ndiye bosi."

Kuna kitu nilisahau kusema. Mdogo wangu ana pumu. Si kali, anatumia dawa ya kuvuta mara chache, hasa baridi ikiingia.

Kamba Mbili
Ndugu yangu! Hilo ndilo lilipaswa kuwa la kwanza.

Mteja si bosi wa mapafu yake. Usiwalipe hao.

Mama Tausi
Pumu peke yake haimzuii mtu kupanda, wapo wengi wanaofika. Lakini amwone daktari wake kabla, amweleze kimo na idadi ya siku. Hewa kavu yenye baridi na kuhema kwa nguvu ndivyo vinavyoichokoza, na usiku wa kilele una vyote viwili. Dawa akae nayo mfuko wa ndani wa jaketi, karibu na mwili, isigande. Awe na ya pili, uibebe wewe. Na kiongozi aambiwe mapema, kabla hamjafika getini.

Mwana Momella
Kwa pumu na siku hizo narudi pale pale, Meru, siku nne si tatu. Kuna vibanda, hakuna kulala kwenye hema lililolowa. Na Arusha iko katikati, wewe unapitia Namanga, yeye anapandia Dodoma. Wasipofika juu, Little Meru peke yake ni kilele kizuri, na hakuna atakayewadai zaidi.

Shuka la Baridi
Masika, Mwana Momella. Ule ukingo ukilowa au ukishika barafu utampeleka mgeni juu yake?

Mwana Momella
Masika hapana. Hapo nakubali. Agosti.

Nyayo Ndefu
Sijatuma hela. Mdogo wangu anasema anaweza kuhamisha likizo ikawa Agosti, na huenda tukapata siku saba. Yeye bado anang'ang'ania Uhuru kwa sababu ya maneno ya Bendera Juu. Mimi Ziwa Michaelson halinitoki. Tutaongea wikiendi. Swali dogo: nina buti mpya za ngozi, bado ziko kwenye boksi. Zinafaa au ninunue nyepesi?

Jabali
Zitoe kwenye boksi leo. Vaa kazini, vaa sokoni, vaa ukishuka ngazi na mzigo mgongoni. Kucha za miguu zikate fupi kabla ya siku ya kushuka.

Mzee wa Nanyuki
Na soksi mbili, ya ndani nyembamba. Mwanangu, ukichagua upande wetu, niandikie. Barabara ya geti la Chogoria hata mwezi mkavu inategemea mvua ya juzi yake.