Eti "bado tisa"! Huyu muuza mashine wa hapa Mtwara ana moyo au ana betri?

Randa_ya_Mikindani:

Wakuu, nimetoka dukani kwake sasa hivi, hata maji sijanywa, mikono inatetemeka. Jina silitaji, hakuna haja. Aliyewahi kununua hata drili Mtwara hii anamjua: kiti cha plastiki mlangoni, simu sikioni kutwa. Huyo huyo.

"Bado tisa." Kaniambia hivyo mbele za watu!

Mwezi uliopita nilinunua kwake msumeno wa meza, ule mdogo, nichanie mbao za vitanda uani kwangu. Kwenye boksi kuna picha: kava jekundu juu ya bledi, kile kisu chembamba cha nyuma ya bledi, na kijiti cha kusukumia mbao. Nafungua nyumbani, hakuna hata kimoja. Bledi imesimama tupu kama papa anayesubiri mtu ateleze. Nikapiga simu. "Picha ni urembo tu fundi, hivyo vitu mafundi wote wanavitoa." Wanavitoa, sawa. Mimi sikupewa hata cha kutoa!

Jumamosi mtoto wa dada yangu alikuwa anachana mkongo. Umeme ukakatika katikati ya ubao, mambo yetu ya kila siku. Bledi ikasimama, dogo akapeleka mkono atoe kipande kilichobana. Umeme ukarudi. Mashine ikawaka YENYEWE. Swichi yake ni kama ya taa ya chooni, ukiiacha imewashwa itabaki imewashwa mpaka kiama. Mashine ya maana ina swichi inayojiachia umeme ukikatika, haiwaki tena mpaka uibonyeze kwa mkono wako. Kitu chenyewe hakizidi kiberiti! Kidole cha shahada kimeshonwa nyuzi saba na hakikunji. Kijana wa miaka 19 anakula ugali kwa mkono wa kushoto, mama yake akimtazama machozi yanamtoka.

Basi leo nimekwenda kwa adabu, shikamoo nimempa. Nikasema mzee wangu, naomba kava na kile kisu, hela yote nilikulipa. Nikamweleza yaliyomkuta mtoto. Akaweka simu chini, mara ya kwanza tangu Uhuru, akapaza sauti kama yuko mnadani: "Kwani alizaliwa na vidole vingapi? Si kumi? Basi bado tisa!" Duka zima likaangua kicheko. Mama wa ming'oko pale nje alicheka mpaka akatua sinia.

Bado tisa. Mtoto wa watu!

Na msiniambie ajali haina kinga. Kule Marekani Steve Gass, mwanafizikia na mwanasheria wa hataza, yaani haki za uvumbuzi, alibuni mwaka 1999 msumeno unaotambua nyama. Bledi imepitishiwa umeme mdogo sana. Ikigusa ngozi tu, umeme ule unabadilika, kipande cha alumini kinafyatuliwa kwenye meno, na bledi inakufa chini ya milisekunde 5, inazama chini ya meza. Unabaki na mkwaruzo. Alikuwa akionyesha kwa soseji, mwisho akaweka kidole chake mwenyewe. CHAKE. Wa kwetu anahesabu vya watoto wa wenzake.

Na mwaka 2010 mahakama ya Boston iliamuru fundi aliyeumizwa na msumeno wa kampuni ya Ryobi alipwe dola milioni 1.5. Hoja ilikuwa kwamba njia ya kuizuia ajali ipo na mtengenezaji hakuiweka. Mimi milioni sitaki. Nataka kava langu. Nataka arudishe lile neno lake mbele ya watu wale wale waliocheka.

Mwera_wa_Nachingwea: Nimesoma mpaka mwisho. Huyo mzee namjua. Aliniuzia jenereta nikarudi kulalamika linatoa moshi, akaniuliza kwani nilitaka litoe maziwa.

Kidole_Nusu: Fundi pole, lakini miaka 22 nachana mbao sijawahi kufunga kava. Kava linaficha mstari, huoni unapokata.

Randa_ya_Mikindani: @Kidole_Nusu na hilo jina lako ulipewa na nani?

Kidole_Nusu: Hilo ni jambo lingine.

Mkongo_Mbichi: Kaka, kisu cha nyuma ndicho cha kugombania kuliko kava. Mkongo ukichanwa unajifunga nyuma ya bledi, meno yanayopanda kule nyuma yanaudaka ubao na kukurushia kifuani. Kile kisu kinaweka ufa wazi. Mimi ubao wa namna hiyo ulinipita ubavuni ukatoboa mlango wa bati. Pole sana kwa dogo.

Wakili_wa_Kijiweni: Hiyo kesi ya Boston isimulie yote. Jamaa alikuwa anakata bila kava na bila ile reli ya kuongozea mbao, na wazee wa baraza wakampa naye sehemu ya lawama. Halafu tuje kwako. Huyo kijana unamlipa?

Randa_ya_Mikindani: Namlipa kidogo, ni mtoto wa dada yangu.

Wakili_wa_Kijiweni: Basi wewe ndiye mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri azibe mashine za hatari. Uliona bledi tupu tangu siku ya kwanza ukamkabidhi mtoto. Dukani peleka nusu ya hasira.

Randa_ya_Mikindani: Hospitali nimelipa mimi, na mama yake nimempigia magoti mimi. Lakini sikumwambia mtu "bado tisa". Kuna kukosea na kuna kucheka!

Binti_Newala: Mlalamikie Tume ya Ushindani. Ile Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu ya kumlinda mlaji. Picha ya boksi unayo? Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unayo?

Randa_ya_Mikindani: Aliandika kwenye karatasi ya daftari. "Bidhaa ikiuzwa hairudishwi." Muhuri juu.

Mwera_wa_Nachingwea: Hahaha Wamakonde! Mnunue kwa karatasi ya daftari, mdai kwa sheria ya Boston.

Chuma_Mtanda: Huo msumeno wa soseji ukiupa mbao mbichi za huku Kusini unaweza kujifyatua wenyewe, maji yanapitisha umeme. Na kila ukifyatuka unanunua breki mpya, na bledi mara nyingi imekwisha. Wamarekani wenyewe wamebishana miaka mingi na hawajaulazimisha kisheria. Sisi wa grenda hapa Lindi ndio tunaohitaji maombi, mawe yake ya kusagia chuma yanapasuka kila siku na kava wanatoa ili jiwe kubwa liingie.

Mama_Kabati: Samahani nauliza nje ya mada. Kuna fundi hapo Magomeni nilimpa malipo ya awali ya kabati la milango mitatu tangu kabla ya Ramadhani. Idd zote mbili zimepita. Kila nikipiga anasema "vanishi inakauka".

Binti_Newala: Vanishi ya kwangu ilikauka miezi saba, dada. Huyo ana gari la bluu?

Mama_Kabati: La bluu! Taa moja imevunjika?

Kidole_Nusu: Huyo hata mashine hana, anapeleka mbao kuchana kwangu na kwangu nako hajalipa.

Mama_Kabati: Kwa hiyo mbao zangu ziko kwako?

Kidole_Nusu: Za mninga au za mkongo?

Mama_Kabati: Nililipia mninga.

Kidole_Nusu: Mama, njoo tuongee pembeni.