MJADALA: Mdogo wangu asome droni au kilimo?

Mwana Newala: Mdogo wangu kapata nafasi ya uzamili nje, anataka kusomea namna droni inavyojiongoza yenyewe. Wazee wanataka kilimo, kwa kuwa ada inatoka kwenye korosho. Mnaonaje?

Mkulima wa Nachingwea: Kilimo. Droni zinauzwa madukani, unanunua, unarusha. Miaka miwili ya hesabu ni kumaliza hela za wazee.

Binti Mikindani: Kaka, kurusha si kujiongoza. Mikorosho ikichanua ndio upepo wa kusi unavuma. Droni ya kupulizia dawa ya maji inaondoka na tangi zima, inarudi na tangi tupu. Uzito unabadilika ikiwa hewani, huku upepo unaisukuma, lazima ijirekebishe mara nyingi kila sekunde. Kihisi, yaani kifaa cha kupimia, kinaipa mwinamo, GPS inaipa mahali ilipo, na vyote vinakosea. Hesabu za kuoanisha vipimo vyenye makosa alizitoa mhandisi Rudolf Kalman mwaka 1960, zikatumika hadi safari za Apollo za kwenda mwezini. Hayo ndiyo anayokwenda kusoma. Wengi mnaopinga hamjawahi kubeba mgongoni pampu ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho.

Mkulima wa Nachingwea: Hapo umenivunjia heshima. Pampu nimebeba tangu namaliza darasa la saba. Alfajiri, umande haujakauka, salfa inaingia machoni mpaka jioni yanawasha. Wewe umebeba lini? Mikindani kwenu ni samaki.

Binti Mikindani: Nani kakwambia hatuna mashamba? Baba yangu ana mikorosho Nanguruwe.

Mzee wa Masasi: Wanangu, salfa yenyewe mlipata lini? Kwetu msimu uliopita ilifika maua yameshaungua. Ubwiriunga, huo ugonjwa unaounguza maua ya mikorosho, haungoji mtu. Hilo ndilo la kujadili.

Mkulima wa Nachingwea: Kweli mzee, hata sisi. Mifuko tuliipata mwishoni.

Mwana Newala: Jamani, niliuliza shule ya mdogo wangu. Anatakiwa ajibu chuo wiki hii.

Mkulima wa Nachingwea: Nilishakujibu. Namngoja dada aseme hiyo pampu ya baba yake ni ya aina gani.

Binti Mikindani: Ya injini, ya mgongoni. Baba ameiacha kwa sababu ya macho. Siku hizi anapuliza mdogo wangu wa kidato cha pili, kabla ya kwenda shule.

Mkulima wa Nachingwea: Mpe pole sana mzee. Na huyo mtoto mtafutieni miwani ya kuziba na barakoa, kitambaa hakizuii ule unga. Ila kwa huyu wa Newala bado nasema kilimo.