Nimekuza diski ya mashine pepe, lakini Ubuntu bado inaonesha GB 19

Mwalimu wa Chake
Assalaamu alaykum. Skuli yetu hapa Chake Chake ina kompyuta moja ya Windows ambayo ndani yake tumeweka mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na programu) ya VirtualBox yenye Ubuntu Server 22.04, inayohifadhi matokeo ya wanafunzi, mitihani iliyopita na video za masomo ya sayansi. Sasa walimu hawawezi kupandisha faili lolote kwa sababu diski imejaa. Niliizima mashine pepe, nikaikuza diski yake kutoka GB 40 hadi GB 80 kwa amri hii:

`VBoxManage modifymedium disk seva.vdi --resize 81920`

Amri ilikamilika bila ya kosa. Hata hivyo, nikiandika `df -h` ndani ya Ubuntu, sehemu kuu bado ina GB 19 tu na imejaa asilimia 100. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hata hapo mwanzo niliipa GB 40, si 19. Naomba msaada kabla ya mitihani ya muhula kuanza.

Fundi wa Mkunazini
Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Ulichofanya ni sahihi, ila umekuza tabaka la chini peke yake, na kuongeza kiwanja hakuikuzi nyumba iliyojengwa juu yake. Juu ya diski kuna patisheni, yaani kipande cha diski kilichotengwa, juu ya patisheni kuna LVM, ambayo ni utaratibu wa Linux wa kugawa nafasi, na juu kabisa kuna mfumo wa mafaili, ambao ndio unaosomwa na `df`. Kila tabaka lazima likuzwe kwa zamu yake.

Ama hizo GB 19, kisakinishi cha Ubuntu Server kisipobadilishwa huipa sehemu kuu takriban nusu tu ya nafasi ya LVM kwa diski ya ukubwa kama wako, na nusu ya pili huiacha bila ya kugaiwa. Tafadhali andika `sudo vgs`, usome safu ya VFree, yaani nafasi ya LVM ambayo haijagaiwa. Ningependa kila msimamizi wa seva aisome safu hiyo kabla hajaigusa diski, kwa sababu mara nyingi nafasi anayoitafuta imo humo tangu siku ya kusakinisha.

Mwalimu wa Chake
Shukran sana. VFree inaonesha GB 19, na `lsblk` inaonesha sda, yaani diski yenyewe, ina GB 80 lakini sda3, patisheni yake ya tatu, bado ina GB 38.

Fundi wa Mkunazini
Basi jambo liko wazi. Anza na `sudo apt clean`, kisha `sudo journalctl --vacuum-size=100M`, ili upate upenyo kidogo, kwa sababu growpart, amri ya kukuza patisheni, huhitaji nafasi katika /tmp na LVM nayo huandika kumbukumbu zake katika /etc/lvm. Halafu endelea kwa mpangilio huu, na uangalie kwamba baina ya sda na 3 katika amri ya kwanza kuna nafasi:

`sudo growpart /dev/sda 3`
`sudo pvresize /dev/sda3`
`sudo lvextend -L +30G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`
`sudo resize2fs /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`

Nimeandika 30G kwa makusudi, wala sikuitoa nafasi yote. Mfumo wako wa mafaili, ext4, hukuzwa huku seva ikiendelea na kazi, ilhali kuupunguza kunalazimu sehemu kuu iondolewe kwenye matumizi kwanza, na hiyo ni kazi nzito.

Bi Mtandao, Wete
Naomba kuongeza, Mwalimu. Kabla ya growpart, izime mashine pepe na unakili faili la seva.vdi kwenye diski ya nje, na kompyuta iwe kwenye UPS (betri ya akiba), kwa sababu umeme ukikatika wakati jedwali la patisheni linaandikwa unaweza kupoteza kila kitu. Pia faili la VDI la kawaida hukua kadiri linavyojazwa, kwa hiyo GB 80 hizo ni ahadi tu: Windows yenyewe ikiishiwa nafasi, VirtualBox itaisimamisha mashine pepe.

Mwalimu wa Chake
Nimenakili kwanza, kisha nikafuata amri zote. Sasa `df -h` inaonesha GB 48, zilizotumika ni asilimia 38, na walimu wameanza kupandisha mitihani. Upande wa Windows nimekuta GB 120 zikiwa wazi. Mwenyezi Mungu awalipe kheri.