Tupeane uzoefu: ulipomwambia mtu kwa mara ya kwanza, alikujibu nini?

Mtunza Funguo

Wakuu, salaam. Uzi huu sio wa kusimulia kipigo. Hizo simulizi tunazo tele, na nyingine zimeshageuka burudani ya watu. Nataka tuzungumzie zile sekunde chache baada ya wewe kufungua mdomo na kusema mwenza wako anakunyanyasa. Ulimwambia nani kwanza, naye akakujibu nini?

Naanza mimi. Miaka mitano sikuwahi kupigwa hata kofi. Ila kadi yangu ya benki ilikaa kwenye pochi ya mwenza wangu, simu yangu aliifungua kuliko mimi mwenyewe, na nikichelewa dakika kumi nakuta kiti kimegeuzwa kutazama mlango, naye amekikalia. Haongei. Ananiangalia tu mpaka nianze kujieleza. Ilifika mahali nikawa najieleza tangu ngazini, kimoyomoyo, nafanya mazoezi.

Nikamwambia dada yangu mkubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Lakini hajakupiga, si ndiyo?" Nikasema hajanipiga. Akashusha pumzi kama mtu aliyepewa majibu mazuri ya vipimo. Yakaishia hapo. Nikarudi nikakaa miaka miwili zaidi.

Baadaye sana ndio nikaja kujua kwamba Uingereza na Wales walitunga sheria mwaka 2015, mwenza akikutawala kwa mtindo huo anaweza kufungwa hadi miaka 5 hata kama hajakugusa. Siishi huko, na kwangu haikunisaidia chochote. Ila nilipoisoma nililia, maana kumbe kuna watu walikaa wakakiandika kile kiti.

Sharti ni moja: usitaje jina la mtu wala la mahali. Karibuni.

Nesi wa Zamu

Mimi huwa upande wa pili, ndiye ninayeambiwa. Au ninayefichwa.

Kuna dada aliletwa na mumewe usiku. Mume anajibu kila swali: kateleza, kaangukia meza, yuko sawa. Nikamwambia, "Kaka, naomba ukajaze fomu pale dirishani." Fomu yenyewe haikuwa na kazi yoyote. Mlango ulipojifunga nikauliza kama nyumbani yuko salama, akasema yuko salama. Lakini sauti imekwaruza kama ya mtu aliyeshinda uwanjani akishangilia, na kila akimeza mate anafumba macho. Shingoni hapakuwa na alama hata moja. Nikauliza tena, safari hii kwa neno lenyewe: "Amekukaba?" Hapo ndipo alipolia.

Mkisikia mtu anasema "alinishika shingo kidogo", msipite haraka. Kukabwa mara nyingi hakuachi alama, na mshipa wa damu shingoni unaweza kuchanika kwa ndani ukaleta kiharusi siku kadhaa baadaye. Aende hospitali hata kama anajisikia mzima. Tena kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2008: mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake, hatari ya kuja kuuawa na huyo huyo inapanda zaidi ya mara 7.

Na mimi nikiri la kwangu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa naandika "ameanguka", maana ndicho nilichoambiwa, na foleni nje ilikuwa ndefu.

Kimya Kingi

Nilimwambia mama. Akasema, "Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo." Akaendelea kukunja nguo.

Baba Wawili

Sijui kama wanaume tunakaribishwa humu, ila naandika.

Mwenzangu alikuwa ananipiga na chochote kilicho karibu. Siku aliyonipasua nyusi nikaenda kuripoti. Askari akanitazama kuanzia miguuni kupanda juu, akamwita mwenzake aje asikie. "Rudia, mzee. Nani kakupiga?" Nilirudia. Wakacheka, sio kwa ubaya hata, walicheka kama watu waliochoka na zamu ambao wamepata cha kuchangamkia. Nikacheka nao. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo: nilicheka nao, nikaaga, nikatoka.

Mkweli Mchungu

Mnasikiliza upande mmoja. Mambo ya chumbani yaishie chumbani, mkiyatoa nje ndio ndoa zinavunjika.

Mtunza Funguo

Mkuu, Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wenza wao au ndugu zao wa familia. Kama 140 kila siku. Hayo nayo ni mambo ya chumbani, yametoka nje kwa jeneza. Kama una uzoefu wako tuletee, kama ni ushauri wa jumla uzi huu sio mahali pake.

Ghorofa ya Pili

Mimi ni jirani. Ukuta wetu na wao ni mwembamba, unasikia hadi mtu akipiga chafya. Miezi nilifanya kama wengine: naongeza sauti ya televisheni. Aibu, lakini ndivyo.

Siku moja nikasikia mtoto wao anahesabu. Moja, mbili, tatu, kwa sauti kubwa, kama anayejizibia masikio. Nikatoka nikagonga mlango bila kujua nitasema nini. Jamaa akafungua, anahema. Nikamwambia, "Samahani jirani, kwenu umeme upo?" Taa zinawaka, yangu na yake, tunaonana vizuri kabisa. Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Akasema upo. Nikabaki pale namuulizia habari za mita, mafundi, maji kukatika, upuuzi wowote uliokuja kichwani, mpaka nikaona mkewe amepita nyuma yake na mtoto, wameingia chumba kingine wamefunga.

Kesho yake tulipishana na yule mama kwenye ngazi. Akasema tu, "Umeme ukikatika tena, uje." Nilikwenda mara nne. Mara ya tano nilisikia jambo jipya, nikapiga simu polisi badala ya kugonga. Sijifanyi shujaa, nilikuwa natetemeka zote tano. Na sishauri kila mtu agonge, inategemea nani anafungua.

Safari ya Tatu

Mimi majibu niliyopata yalikuwa swali: "Sasa kwa nini huondoki?" Liliulizwa na mtu mwema kabisa, ndio maana silichukii.

Jibu lake ni kwamba niliondoka. Mara mbili. Ya kwanza aliahidi, ya pili alinifuata. Wanaofanya kazi hizi watakwambia siku za kuondoka na wiki zinazofuata ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo anajua umemponyoka. Kwa hiyo safari ya tatu niliipanga miezi minne. Vyeti vya watoto vilikaa ndani ya foronya ya mto ninaoulalia, kimoja kimoja, kila wiki nachomoa kimoja kwenye droo naacha bahasha imetuna vile vile kwa magazeti. Simu niliiacha mezani inachaji, maana ilikuwa inamwonyesha nilipo.

Rafiki aliyenisaidia hakuniuliza kwa nini. Aliuliza, "Unahitaji nini, na lini?"

Sina Jina

Nimefuta bandiko hili mara tatu. Mimi ndiye niliyekuwa napiga.

Nilikuwa nasema nina hasira. Mshauri mmoja akanitaka niorodheshe vitu nilivyovunja nikiwa na hasira. Simu yake, miwani yake, saa aliyopewa na baba yake. Akauliza, "Na vyako?" Hakukuwa na changu hata kimoja. Bosi wangu alinidhalilisha mbele za watu mwaka mzima, sikuwahi kumnyooshea hata kidole. Kumbe hasira yangu ilikuwa na macho, inaona vizuri sana.

Kuhusu mada: watu walijua. Ndugu zangu, marafiki zangu, wale tuliokuwa tunacheza nao mpira kila Jumamosi. Yeye walimshauri sana, apunguze mdomo, asinichokoze, awe mvumilivu. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Ningekasirika, bila shaka, pengine ningemsusa mtu huyo. Lakini hakuna.

Siombi kusamehewa humu.

Kimya Kingi

@Sina Jina mimi sikupi pole. Ila hiyo ya "na vyako?" nimeisoma, nikaanza kuhesabu vya kwangu vilivyovunjwa.

Mgeni12

Samahani, mimi mpya. Nilikuwa nasoma tu. Anachukua simu yangu kila usiku anaisoma yote, na mshahara nampa yeye. Hajanipiga. Sijui kama nahusika na uzi huu.

Mtunza Funguo

Unahusika, na nakuamini. Kabla hujaandika kingine: hapa unatumia simu yako?

Mgeni12

Hapana. Kompyuta ya kazini.

Mtunza Funguo

Vizuri. Endelea na hiyo. Tuambie unavyopenda, taratibu, tupo.