Tupeane uzoefu: nani nywele zake zimewahi kuganda barafu kichwani?

Mwana wa Kibirizi

Wakuu, mwakeye. Binti wa dada yangu anasoma Kanada, na juzi kanirushia picha nikadhani zimetengenezwa na kompyuta. Watu wamezama kwenye maji ya moto mpaka mabegani, mvuke unafuka, pembeni theluji tupu, halafu vichwani nywele zimesimama wima, nyeupe pe, wengine wamezipinda kama pembe za mbuzi. Kope nyeupe. Ndevu nyeupe. Na wanacheka!

Nikafuatilia. Kumbe ni mashindano kabisa. Yalianza 2011 kwenye chemchemi za maji moto za Takhini, nje ya mji wa Whitehorse, huko Yukon, kaskazini magharibi mwa Kanada, jirani na Alaska. Sharti la kwanza ni baridi: ishuke hadi nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi. Unalowesha nywele, unazichonga unavyotaka, zinaganda, unapigwa picha, na majaji wanaangalia picha hizo. Kuna mwaka zawadi ilifika dola 2,000 za Kanada. Siku hizi mahali penyewe pamebadilishwa jina, panaitwa Eclipse Nordic Hot Springs.

Sasa swali langu. Sisi wa Kigoma na Tabora barafu tunayoijua ni ya kuwekea migebuka, na ile ya ukwaju ya kwenye kifuko. Ya kutoka juu ni mvua ya mawe, basi. Lakini humu najua wamo watu waliosoma na kufanya kazi kwenye baridi za kutisha. Je, nywele zetu hizi zinakubali? Inauma? Zinakatika? Leteni ya kwenu wenyewe, zile za "kuna jamaa yangu alinisimulia" tuziweke kando kwanza.

Dagaa Mkavu

Yaani mtu analipa kiingilio ili agande? Mimi huku luku inaishia kwenye friza la samaki, wenzetu wanagandishiwa bure na bado wanataka zawadi.

Binti wa Ng'ambo

(Ng'ambo ya Tabora mjini, msinielewe vibaya.)

Mimi nimeingia kwenye maji hayo hayo. Nilikuwa nafanya kazi hotelini Whitehorse, na baridi ikishashuka vya kutosha wenzangu wa zamu walikuwa wanaambizana tu, leo leo, tunapakiana kwenye gari tunakwenda.

Niwaambie ukweli, kazi haiko kwenye kugandisha nywele. Iko kwenye zile hatua za kutoka chumba cha kubadilishia nguo mpaka bwawani, umevaa nguo ya kuogelea na ndala, kila kitu kimekuganda mpaka pua kwa ndani. Ukishaingia majini umepona. Maji yana nyuzi 40 hivi, mwili wote uko raha mustarehe, kichwa peke yake ndicho kiko Yukon.

Nilikuwa nimetoka kufumua rasta, kichwani ni afro tupu. Nikazamisha kichwa chote na masikio. Masikio msiyasahau, ndiyo yanayoumia kwanza; ukiyasikia yanaanza kuchoma unarudi chini ya maji, hamna ushujaa hapo. Nikaibuka. Sasa nywele zetu zikilowa mnajua zinavyojikunja na kurudi kichwani. Zikaanza kuganda zikiwa zimelala, gamba la barafu juu juu, na wenzangu wakacheka kwamba nimevaa kofia. Nikazama tena, zikayeyuka. Safari hiyo nikazigawa mafungu, nikawa navuta fungu moja moja kutoka kwenye mzizi mpaka ncha na kulishikilia. Kushikilia ndiko kwenye shughuli, maana kidole kibichi kikikaa hewani pale kinakufa ganzi upesi. Unashika, unachovya mkono majini, unashika tena. Fungu likishapata gamba unaliachia, linasimama lenyewe.

Na hapa nijibu swali la mleta mada: zinakubali, tena sana. Mwenzetu mwenye nywele laini ndefu alihitaji watu wa kumshikia huku na huku, na bado zilikuwa zinalala kwa uzito wa maji. Za kwangu zikishashika hazianguki. Nilitoka na miiba kichwa kizima.

Ule weupe wa kwenye picha hauji na maji uliyochovya. Unakuja taratibu: mvuke wa bwawani unapanda, unakutana na nywele zilizopoa, unaganda hapo hapo unga unga, tabaka juu ya tabaka. Ukiwa na haraka utapata nywele za kung'aa kama kioo, weupe hutaupata.

Kuzitoa ni kuzama tu. Ila usizipinde zikiwa ngumu. Kuna dada alishika ncha ya nywele zake akaikunja kuona kama itarudi. Ilibaki mkononi mwake, akawa anaiangalia.

Dagaa Mkavu

"Kichwa peke yake ndicho kiko Yukon." Hahaha, hii naiandika ukutani.

Kasulu Mjini

Ya kwangu ilikuwa ya lazima, sikulipia. Nimesoma Harbin, kaskazini mashariki mwa China. Usiku wa Januari nyuzi 25 chini ya sifuri ni habari ya kawaida. Bweni letu halikuwa na bafu. Bafu ni jengo la pamoja la chuo, unakwenda na ndoo yako na kadi yako. Unaoga maji ya moto mpaka unasahau uko wapi, halafu unakumbuka kuna kurudi. Wakati wa kwenda tulikuwa tunapiga stori. Wakati wa kurudi kila mtu kimya, mwendo wa polisi.

Nywele zangu nilikuwa nimepunguza, kwa hiyo hazikutengeneza umbo lolote. Ziliganda unywele kwa unywele. Nikipitisha kiganja nasikia zinakwaruza. Kilichonishangaza ni taulo. Nilikuwa naitupia begani, tukifika mlangoni imekuwa ubao, imeshika umbo la bega langu. Nikiiegemeza ukutani inakaa, mpaka joto la ndani liilegeze.

Wenyeji wanaijulia baridi. Tamasha lao la barafu hufunguliwa tarehe 5 Januari. Wanakata matofali ya barafu kutoka Mto Songhua na kujenga minara ya kupanda watu, na kuna wazee wanatoboa barafu ya mto huo huo wanaogelea. Lakini China hiyo hiyo, Januari 2018, picha ya mtoto wa shule wa Yunnan ilizunguka dunia. Alitembea kilomita 4.5 kwenda shule kukiwa na nyuzi 9 chini ya sifuri, akafika nywele na nyusi zimeota barafu, mashavu mekundu, darasa zima nyuma yake linacheka. Watu wakaanza kuchangia nguo na vifaa vya joto. Kwa hiyo hizi picha za Kanada zinanichekesha, ila sicheki mpaka mwisho.

Mwana wa Kibirizi

Ndugu yangu hiyo ya mtoto naikumbuka. Asante kwa kuiweka.

Mzee wa Isevya

Vijana hamjambo. Sisi tuliosomea Urusi enzi za Kisovieti ndio tuliokuwa na afro za kweli, siyo hizi zenu za kupaka jeli. Mimi nilikuwa Irkutsk, Siberia, miaka ya themanini. Mwaka wa kwanza ni lugha tu, na neno la kwanza nililojifunza bila mwalimu ni shapka, yaani kofia, maana yule mama mlinzi wa bweni alikuwa hakuruhusu kuvuka mlango kichwa wazi. Atakufokea mpaka urudi ukavae.

Kugandisha nywele kulitupata kwenye banya, bafu la mvuke la Kirusi. Mnakaa kwenye chumba cha mvuke, mnachapana na matawi yenye majani, halafu mnafungua mlango mnajitupa kwenye theluji. Wenyeji wanarudi ndani. Sisi tunabaki nje kidogo kwa kuonyeshana ubabe. Afro imejaa jasho na mvuke, baada ya muda mfupi ukiigonga na kucha inalia. Picha hatukupiga, kamera ilikuwa ya mwenye bahati, na hakuna aliyeiingiza kwenye banya.

Kilichonisumbua zaidi ni sharubu. Pumzi ina maji. Inatoka puani, inaganda kwenye sharubu, na ukicheka zinavuta ngozi ya mdomo. Nilikuwa nazinyoa Novemba na kuzifuga tena Mei.

Kasulu Mjini

Shikamoo mzee. Hiyo ya sharubu nimeipata vizuri, mimi ilinipata kwenye skafu: sehemu ya mdomoni inakuwa ngumu kama bati.

Ticha wa Fizikia

Nilikuwa nasubiri nione nani atamtaja Mpemba, naona mnanipita tu. Erasto Mpemba, mwaka 1963, kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi wanatengeneza aiskrimu, yeye akaweka mchanganyiko wake kwenye friza ukiwa bado moto, na ukawahi kuganda kuliko wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Akachekwa, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Baadaye akamuuliza Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanafizikia wanabishana mpaka leo kama jambo lenyewe lipo kweli na kama lipo linasababishwa na nini.

Sasa msikimbilie kusema nywele za Yukon ni kazi ya Mpemba. Maji yaliyobaki kwenye unywele ni utando mwembamba, joto lake linakwisha upesi sana kwenye hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri, yawe yalianza moto au vuguvugu. Maji ya moto pale yana kazi mbili nyingine: kumweka mtu hai, na kutoa ule mvuke alioueleza dada wa Ng'ambo. Bila mvuke utapata barafu, ila picha yako haitashinda kitu.

Na unywele wenyewe haugandi, tusemane ukweli. Kinachoganda ni maji yaliyouzunguka. Unywele uliolowa umevimba na umekwisha kulegea, ukiuvika barafu unakosa pa kupindia. Ndiyo ile ncha iliyobaki mkononi.

Mama Saluni Gungu

Ticha mimi nimeshajaribu nyumbani, siyo kwa Mpemba, ni kwa ubishi wa wateja. Walileta video hiyo hiyo saluni, mmoja akasema nywele ya mtu mweusi haiwezi. Nikamwambia subiri.

Ninalo friza la barafu za watoto. Nikachukua wigi lililochoka la nywele za binadamu, nikalivalisha chupa ya maji ya lita na nusu, nikalilowesha, nikalisimamisha kwa chanuo na vibanio. Pembeni nikaweka fungu la rasta za kawaida, limeloweshwa vilevile. Asubuhi nafungua: wigi limesimama kama lilivyoachwa, nimetoa vibanio halijatikisika. Rasta sasa, hazikunywa maji hata kidogo. Maji yalikuwa yameteremka yakajikusanya chini, ncha za chini zimeshikamana tonge moja la barafu, juu zimelala zimekauka. Plastiki ni plastiki.

Weupe hatukuupata, nimeelewa sasa kwa nini. Na kwa joto letu hili tulikuwa tunapiga picha huku linachuruzika kwenye meza.

Lakini niseme jambo. Bibi zetu walikuwa wanasuka kwa uzi mweusi, kila fungu linazungushiwa uzi kutoka chini mpaka juu, linakaa wima, unalipinda upande unaotaka, linakaa wiki na zaidi. Upinde, mnara, daraja kutoka sikio hadi sikio. Hao Wakanada waje Gungu niwasimamishie bila baridi, na hawatadondosha ncha.

Dagaa Mkavu

Bei ya uzi ikoje mama, mke wangu kashaanza kuuliza.

Mama Saluni Gungu

Njoo naye saluni tuongee, siyo hapa.

Reggae Urambo

Niko Oulu, Finland. Nina dredi. Ushauri: msijaribu. Nilitoka sauna nikakaa nje nikizisubiri, zikasimama kweli, picha nzuri. Halafu ndani ya nyumba nje ya dredi kukayeyuka na katikati bado kuna barafu. Nililala na taulo kichwani na kesho yake bado zilikuwa mbichi na zinanuka unyevu.

Mwana wa Kibirizi

Wakuu nimepata zaidi ya nilichotaka. Nimempelekea binti uzi huu kausoma wote. Yeye yuko Saskatoon, na Yukon kwake ni mbali, nauli inamtisha. Anasema atajaribu barazani kwa beseni la maji moto baridi ikishuka tena, wiki hii iko nyuzi 11 tu chini ya sifuri. Na ana rasta mpaka kiunoni.

Mama Saluni Gungu

Afumue kwanza. Rasta zikiganda tonge chini zile zinaning'inia kwenye nywele zake za mbele, atazing'oa kwa uzito.

Binti wa Ng'ambo

Mwambie beseni si bwawa. Kule mwili mzima uko kwenye maji ya moto, barazani mwili mzima uko nje na kichwa kibichi. Avae koti zito na buti, glavu awe nazo mkononi, mtu mwingine awe ameshika simu tayari, na akianza kuhisi masikio yanachoma aingie ndani hata kama fungu moja tu ndilo limesimama. Mvuke wa beseni ni mdogo, kwa hiyo asitegemee weupe. Atapata miiba ya kung'aa.

Mwana wa Kibirizi

Kajibu: "Mwambie huyo dada asante, na nafumua Jumamosi." Picha zikija naziweka hapa. Mwenye ya Mongolia au Norway aendelee kushusha.