Naomba ushauri: muziki wangu wa filamu unasikika kama msiba

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Ujiji, nimezoea do-re-mi na kinanda. Sasa kijana mmoja anatengeneza filamu fupi ya wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, kaniomba muziki wa okesta, nautengeneza kwa kompyuta.

Tukio ni la sekunde 80: mitumbwi inarudi alfajiri, taa zinazimwa moja moja, mtumbwi mmoja haupo. Nimeandika kwa D maina (ufunguo wenye sauti ya huzuni), mapigo 72 kwa dakika, nne kwa nne, yaani kila baa (fungu) ina mapigo manne. Hesabu inakaa vizuri, jumla mapigo 96, yaani baa 24 kamili. Selo na besi (ndugu wakubwa wa fidla, wa sauti nzito) zinaanza peke yao, fidla zinaingia baa ya 9.

Mwenye filamu anasema huo ni msiba. Anataka wasiwasi, kisha matumaini ule mtumbwi ukionekana. Nikapandisha mwendo hadi mapigo 96 kwa dakika, ikawa harusi! Baa za kujaza sekunde zilezile nazo zikafika 32, picha na muziki vikapishana.

Nafikiria kurudi 72, halafu baa ya 17 nihamie F meja (ufunguo wenye sauti ya furaha), maana noti ni zilezile, bemoli moja (noti iliyoshushwa nusu sauti). Au niende D meja, mwanga uje ghafla? Mimi D meja naiona kama Pasaka, lakini huenda ni mazoea ya kanisani tu.

Halafu fidla zenyewe zinalia kama kinanda. Mnazilainishaje? Kompyuta yangu ina ramu ya GB 4, msinitajie programu nzito jamani.